Damu ya kichanga na tiba mpya ya selimundu

Mtoto amezaliwa mzima. Ananyonya, ananenepa, anamchekea kila anayemshika. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili, wa tatu, na nyumbani hakuna mwenye wasiwasi. Kisha karibu na mwezi wa sita, au mbele kidogo, viganja na nyayo vinavimba, mtoto analia akiguswa vidole, weupe wa macho unaingia unjano. Kila jirani ana lake: meno hayo, jicho la watu hilo, labda dada wa kazi kamwangusha. Mama anairudia akilini miezi ile mitano ya afya, akitafuta alipokosea.

Hakukosea popote. Selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, ilikuwamo tangu mimba ilipotunga. Lakini mama huyo ana swali zito kuliko anavyodhani: kama mtoto alizaliwa na ugonjwa, mbona haukuonekana miezi yote ile? Ukilifuata swali hilo mpaka mwisho wake, unafika kwenye dawa iliyoidhinishwa Uingereza tarehe 16 Novemba 2023 na Marekani tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, dawa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa mkasi wa jeni uitwao CRISPR. Jina lake la dukani ni Casgevy.

Habari zake zilitufikia wengi kwa sentensi moja: wanasayansi wamerekebisha jeni ya selimundu. Sentensi hiyo si kweli, na sipendi kuiacha ipite, kwa sababu kilichofanyika ni cha ajabu zaidi na kinatuhusu zaidi. Ile herufi inayoleta ugonjwa haikuguswa kabisa. Iko palepale ilipokuwa.

Tuanze na damu yenyewe. Seli nyekundu ni kama kifuko laini kilichojaa protini iitwayo himoglobini, mchukuzi wa oksijeni kutoka mapafuni kwenda kila pembe ya mwili. Himoglobini moja ya mtu mzima imeunganishwa kwa minyororo minne: miwili ya alfa, miwili ya beta. Maelekezo ya kutengeneza kila mnyororo yameandikwa ndani ya DNA, na DNA yetu ina herufi zipatazo bilioni 3 katika kila nakala moja. Kwenye selimundu, herufi moja tu ya jeni ya beta imebadilika: palipotakiwa A pameandikwa T. Basi. Mnyororo wa beta una viungo 146, na kwa herufi hiyo moja kiungo cha sita kinatoka tofauti, kinakuwa na tabia ya mafuta, kinachukia maji na kutafuta mwenzake wa kushikamana naye.

Damu ikiwa na oksijeni, hilo halionekani. Himoglobini ikishashusha mzigo wake, zinaanza kunasana. Fikiria wali. Punje za wali uliopikwa vizuri zinaachana, unaweza kuzihesabu kwenye sahani; za wali bokoboko zinagandana kuwa bonge moja. Tofauti ni kwamba himoglobini hizi hazigandi ovyo, zinajipanga kwenye mstari na kuwa fito ndefu ngumu zinazosukuma ukuta wa seli kutoka ndani. Seli ya duara inavutwa ncha mbili na kupinda kama mundu. Mundu hauwezi kupita kwenye mshipa mwembamba kuliko unywele. Unakwama, wa nyuma yake unakwama, na nyama iliyokuwa ikingoja oksijeni upande wa pili inaanza kulia. Hayo ndiyo maumivu ambayo wagonjwa wanajitahidi kutueleza na sisi tunashindwa kuyaelewa. Mshipa ukiziba kwenye ubongo ni kiharusi, hata kwa mtoto. Bandama nayo huharibika mapema, na kwa sababu bandama ni mlinzi dhidi ya bakteria fulani hatari wa kichomi na homa ya uti wa mgongo, mtoto anabaki bila ngome. Na seli nyekundu iliyotakiwa kuishi takriban siku 120 inakufa baada ya siku 10 hadi 20. Uloto, yaani uboho wa ndani ya mifupa unakotengenezewa damu, unakimbizana na vifo hivyo bila kuvifikia. Upungufu wa damu unatoka huko, na unjano wa macho ni mabaki ya seli zilizovunjika.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya jambo linalovunja nyumba za watu. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni ya beta, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala mbili nzima huandikwa AA; hapa A ni jina la nakala nzima na S la nakala yenye kosa, si herufi za DNA. Mwenye nakala moja yenye herufi iliyobadilika huandikwa AS. Huyu kwa kawaida ni mzima, anafanya kazi zake, na anaweza kuzeeka bila kujua. Mwenye zote mbili ni SS, ndiye mgonjwa. Kwa hiyo mtoto wa SS amepokea S moja kwa baba yake na S moja kwa mama yake. Mwanamume anayemwacha mkewe kwa kuwa "ameleta ugonjwa ukoo haujauona" amebeba nusu ya ugonjwa huo mwilini mwake. Na wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, 2 kati ya 4 ya kuwa AS, na 1 kati ya 4 ya kuwa AA. Hii haina maana kwamba mtoto wa kwanza akiugua watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba karata zinachanganywa upya.

Mbona herufi yenye madhara kiasi hicho haikupotea kwenye vizazi? Jibu lilipatikana huku kwetu. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, alirudi Kenya na msafara wa chuo chake akapima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Victoria alikuta wabeba S ni wengi, kwingine zaidi ya asilimia 20. Kwenye nyanda za juu, ambako malaria ilikuwa haba, hawakufika hata asilimia 1. Akashuku mbu. Mwaka 1954 alichapisha vipimo vya watoto 290 wa Buganda: miongoni mwa waliobeba S, karibu asilimia 28 walikuwa na vimelea vya malaria kwenye damu, miongoni mwa wasiobeba, karibu asilimia 46. Mtoto wa AS huumwa malaria kama wengine, ila malaria kali inayoua humpata kwa nadra zaidi. Kwa hiyo katika nchi za malaria AS waliishi, wakaoa na kuolewa, na herufi ikaendelea. Makadirio ya mwaka 2021 yanasema watoto zaidi ya 500,000 walizaliwa na selimundu duniani mwaka huo, zaidi ya robo tatu yao Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania peke yake hukadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka.

Sasa turudi kwa mtoto wetu na miezi yake mitano.

Akiwa tumboni hakuwa na hewa ya kuvuta. Oksijeni yake yote aliipata kwenye damu ya mama kupitia kondo, na ili aipate ilibidi himoglobini yake iwe na mkono wenye nguvu kuliko ya mama, iivute kutoka kwake. Kwa hiyo mtoto wa tumboni hatumii mnyororo wa beta. Anatumia mwingine, gama, ulioandikwa kwenye jeni jirani. Alfa mbili na gama mbili: hiyo ndiyo himoglobini ya kichanga. Akizaliwa na kuanza kupumua, haihitaji tena. Uloto unapunguza gama na kuongeza beta, wiki hadi wiki, mpaka kufikia karibu nusu mwaka damu imekuwa ya beta kwa sehemu kubwa kabisa.

Unaona sasa. Herufi mbovu imeandikwa kwenye beta. Alipokuwa akiishi kwa gama, mtoto hakuwa ameanza kulisoma neno lenye kosa. Zaidi ya hapo, gama ikichanganyika na beta mbovu ndani ya seli moja inazivuruga zile fito, haziungani vizuri. Mwaka 1948, daktari Janet Watson wa Brooklyn, Marekani, aliona kwamba seli za vichanga waliorithi herufi hiyo hazipindi kama za mama zao, akaandika kwamba huenda himoglobini ya kichanga ndiyo inayowakinga. Baadaye wakaonekana watu wazima wenye SS wanaougua kidogo kuliko wenzao, wengi wao mashariki mwa Saudi Arabia. Walipopimwa, damu yao ilikutwa na himoglobini ya kichanga kwa wingi usio wa kawaida. Miili yao haikuifunga jeni ya gama kikamilifu.

Jambo hilo hilo, kwa njia, linaeleza mkasa unaowapata wazazi wengi kliniki. Kipimo cha haraka kinachoangalia kama damu "inapinda" hakitegemeki kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa sababu bado amejaa gama. Mzazi anaambiwa mtoto hana, anarudi nyumbani na furaha, na mwaka haujaisha mtoto amelazwa. Kwa mtoto mchanga inafaa kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, ambacho kinaiona S hata ikiwa kidogo, na tone la damu kutoka kisiginoni latosha.

Kwa hiyo kila mtu mzima, mgonjwa na asiye mgonjwa, bado ana jeni ya gama. Haikuchakaa wala haikufutwa. Imekunjwa na kuwekwa, kama nguo za uchanga ambazo mama anazifungia sandukuni mwanawe akishakua. Kwa miaka mingi swali la wataalamu lilikuwa: ni nani mwenye ufunguo?

Jibu halikuanzia maabara ya wagonjwa wa selimundu. Lilianzia kwenye kulinganisha DNA za watu wengi, wengine wakiwa wazima kabisa, ambao damu zao zilitofautiana kwa kiasi cha himoglobini ya kichanga. Kati ya 2007 na 2008 hesabu zilielekea sehemu moja ya DNA, kwenye jeni iitwayo BCL11A ambayo hakuna aliyekuwa ameihusisha na jambo hili. Kundi la Stuart Orkin na Vijay Sankaran huko Boston likaonyesha kazi yake: protini inayotokana na BCL11A ndiyo mlinzi anayekaa mlangoni na kuizuia jeni ya gama isisomwe. Mwondoe mlinzi, gama inarudi.

Lakini mlinzi huyo ana kazi nyingine. BCL11A inahitajika kwenye ubongo unaokua na kwenye seli za kinga. Ukiiua kila mahali umeondoa ugonjwa mmoja na kuleta mingine. Mwaka 2013 ndipo likaonekana jambo ambalo kwangu ni la kupendeza kuliko mkasi wenyewe: ndani ya jeni hiyo kuna kipande kifupi cha DNA ambacho ni swichi, na swichi hiyo inaiwasha BCL11A ndani ya seli zinazoelekea kuwa nyekundu tu. Ubongo una swichi zake, kinga ina zake. Nyumba moja, taa moja kwa kila chumba. Ukizima ya chumba cha damu, vyumba vingine havijui.

Mkasi wa kuikata swichi hiyo ulitoka kwa bakteria. Nao huugua, wana virusi vyao. Mwaka 1987 watafiti wa Osaka, Japani, waliona maandishi yanayojirudiarudia kwenye DNA ya bakteria bila kujua ni ya nini. Francisco Mojica wa Hispania, aliyekuwa akichunguza viumbe vidogo vya maji ya chumvi, alihisi kwamba ni kumbukumbu: bakteria huhifadhi vipande vya virusi vilivyowahi kumshambulia, kama polisi anavyoweka picha za wezi. Mwaka 2007 wataalamu wa kampuni ya hamira za mtindi walithibitisha kwamba ndivyo. Virusi vikirudi, bakteria hunakili picha ile, humpa protini iitwayo Cas9, nayo hutembea juu ya DNA ikilinganisha mpaka ipate panapofanana, kisha hukata. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha mwaka 2012 kwamba unaweza kuibadili picha uitakavyo, herufi zipatazo 20, ukamwelekeza mkata huyo mahali unapotaka. Wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020.

Angalia mkasi unafanya nini na haufanyi nini. Unakata. Haushoni. Seli ikiona DNA yake imekatika inaharakisha kuunga, na katika haraka hiyo inapoteza au kuongeza herufi chache, kovu linabaki. Kurekebisha herufi moja ya beta kwa mkasi wa namna hii ni kazi ngumu. Lakini kuiharibu swichi ni kazi inayoufaa kabisa, kwa kuwa kovu lenyewe ndilo linalotakiwa. Swichi ikipata kovu, BCL11A haiwaki kwenye damu, mlinzi haji kazini, sanduku linafunguka, na mtu wa miaka 30 anaanza tena kutengeneza himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake.

Victoria Gray, mama wa watoto wanne kutoka Mississippi, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa selimundu nchini Marekani kupewa tiba hii, mwaka 2019 katika jiji la Nashville. Amesimulia mwenyewe hadharani maisha yake kabla na baada. Seli shina za damu, yaani zile zinazozaa seli nyingine zote za damu, hukusanywa kutoka kwa mgonjwa, hupelekwa maabara, hukatwa swichi, hukaguliwa, na hilo huchukua miezi. Kisha mgonjwa hulazwa na kupewa tibakemikali kali ya kuangamiza uloto uliobaki ili seli mpya zipate nafasi. Mdomo unajaa vidonda, nywele zinaanguka, kinga inakwisha kwa wiki kadhaa, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea. Ndipo seli zake zinarudishwa kwa dripu. Katika jaribio lililotumiwa kuiombea idhini, wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kipindi hata kimoja cha maumivu makali, watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakilazwa kila mara. Himoglobini ya kichanga ilifikia takriban asilimia 40 ya himoglobini yao.

Aliyetibiwa bado ni SS. Ukichukua seli ya shavu lake utaikuta herufi ileile, na mayai au mbegu zake za uzazi zinaibeba kama kawaida, kwa hiyo kila mtoto wake atapokea S moja kutoka kwake. Ndiyo maana nilikataa neno "kurekebisha" tangu mwanzo. Mtu anayepanga ndoa kwa kuamini kwamba tiba imeifuta S kwenye ukoo atapotoka.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa mzazi wa Muleba au Busia nambari hiyo haina hata maana ya kutamkwa, na nikiwa mkweli, inaniuma kuona jeni iliyosomwa zaidi kutokana na damu ya Waafrika ikipata tiba isiyowafikia. Kupandikiza uloto wa ndugu anayelingana ni njia nyingine ya kuponya, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Ila si kila mtoto ana ndugu anayelingana naye, na vitanda vya kazi hiyo ni vichache.

Lakini ukishaelewa kwamba ushindi wote uko kwenye himoglobini ya kichanga, unaitazama upya kapsuli ambayo imekuwapo muda mrefu. Haidroksiyurea ilianza kama dawa ya saratani. Kwa mgonjwa wa selimundu inautikisa uloto kiasi, na uloto uliotikiswa unaachia gama kidogo. Haikati kitu, haifungui sanduku lote. Inalitia ufa, na ufa hubaki wazi kadiri dawa inavyonywewa. Marekani iliidhinisha kwa watu wazima mwaka 1998. Kwetu madaktari waliisita, kwa hoja ya haki: dawa hii hupunguza seli nyeupe, je, mtoto anayeishi na malaria na maambukizi ya kila aina hatadhurika?

Wakaenda kupima. Jaribio lililoitwa REACH lilifanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, kwa watoto zaidi ya 600 wa umri kuanzia mwaka 1 hadi 10, na matokeo yalichapishwa mwaka 2019, daktari Léon Tshilolo wa Kinshasa akiwa mwandishi wa kwanza. Vipindi vya maumivu, vikihesabiwa kwa kila watoto 100 kwa mwaka, vilishuka kutoka 98 hadi 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi 14. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Na malaria, ile iliyoogopwa, ilishuka kutoka 47 hadi 23.

Haidroksiyurea si ya kununua kwa kubahatisha. Kipimo chake hupangwa kwa uzito na damu hukaguliwa mara kwa mara, hasa seli nyeupe. Mwenye mimba au anayeitafuta lazima amwambie daktari. Haiponyi. Pamoja nayo mtoto bado anahitaji penisilini ya kinga mpaka miaka mitano, chanjo zake zote, folik asidi, chandarua na maji ya kunywa kwa wingi. Na yote hayo yanahitaji kwanza ajulikane, kabla vidole havijavimba, wakati damu yake bado ni ya kichanga na kisigino chake kinaenea kwenye kiganja cha muuguzi.